Pilau ya Arobaini

Harufu ya pilau ya hitima hunichefua mpaka leo. Si kosa la mchele wala la mdalasini. Harufu hiyo ilitanda uani kwetu Chang'ombe siku ya arobaini ya mama, ikachanganyika na moshi wa kiwanda cha sabuni nyuma ya ukuta, na ndani yake nikawaona ndugu wa damu wakimgawana mdogo wangu kama walivyogawana nyama ya kwenye sinia. Baba alikuwa ametangulia. Tulibaki mimi, kifungua mimba, mwanafunzi wa sekondari, na Rukia, ambaye homa ilimwondolea usikivu kabla hajajua kusema. Mtaani walimwita bubu. Nyumbani tulizungumza naye kwa mikono: mama alikuwa kiganja shavuni, kiwanda kilikuwa pua iliyobanwa, na mimi nilikuwa kidole juu ya nyusi, palipo na kovu langu. Mama alituwekea desturi moja tu: linalosemwa mbele ya Rukia, Rukia alipate lote, liwe tamu, liwe tusi.

Wageni walipotawanyika, wakubwa wa ukoo walibaki mkekani. Shangazi wa Tegeta alinyonya mfupa, akajifuta samli kwa ncha ya kanga, akasema, "Huyu bubu nitamchukua mie. Nyumba kubwa ile, vyombo haviishi. Tena bubu ndiye mzuri, hatoi siri za ndani." Baba mdogo alicheka mpaka punje za wali zikamnasa ndevuni. Mama alikuwa ameshamtafutia Rukia nafasi katika shule ya watoto viziwi. Sare yake ilining'inia msumarini mbele ya macho yao, na hakuna aliyeitaja. Shangazi akanigeukia. "Mwanahawa, mwambie anakuja kwangu kutembea. Mfungashie nguo."

Rukia alikuwa ameshaikazia macho mikono yangu. Nikampa lote: kutembea, nyumba kubwa, vyombo, siri, na kile kicheko. Hakulia. Alionyesha sare, akamwelekezea shangazi kidole, kisha akabana pua. Nikamsemea kwa sauti, "Mimi nakwenda shule. Kwako kunanuka."

"Mshenzi wewe! Maneno yako hayo, unamsingizia bubu!"

"Shangazi, heshima yako iko palepale. Lakini hayo ni yake."

"Haya, kaa naye wewe! Tuone na hiyo shule yako utaisoma saa ngapi."

Wakapakia pilau iliyobaki kwenye ndoo zao, wakaondoka nayo. Shule sikuisoma tena. Nilikaanga vitumbua nje ya mageti ya Kurasini, nikawauzia vibarua wa makontena, na Rukia akavaa sare yake. Kila likizo alirudi na lugha ya alama iliyo kamili, akanifundisha jioni huku nikitwanga mchele wa kesho yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkalimani.

Siku hizi huitwa kwenye mikutano ya haki na ujumuishwaji. Waandaaji hunipa maji ya chupa, hupiga picha nyingi, na viziwi wenyewe huketishwa nyuma ya nguzo, wasikoiona mikono yangu. Nisipogoma kuanza, hakuna anayewasogeza mbele. Juzi nilimsindikiza Rukia kliniki, Temeke. Ni mjamzito. Muuguzi, ambaye naye tumbo lake la ujauzito lilikuwa limejaza sare, hakumtazama hata mara moja. Aliniinamia mimi, akanong'ona, "Jamani dada, maskini, nani kamfanyia hivi? Ila usimwambie kama nimeuliza." Harufu ya pilau ile ikanirudia, na samli nikainusa kabisa, pale penye dawa na dettol. Mkeka umekuwa meza, kanga imekuwa sare nyeupe, mdomo ni uleule. Nikainua mikono, nikampa Rukia lote, pamoja na lile la "usimwambie".

Rukia alimtazama muuguzi usoni, akashusha macho taratibu mpaka tumboni kwake, kisha akajibu. Nikalisema jibu lake kwa sauti iliyofika benchi la mwisho:

"Mume wangu. Na wewe, nani kakufanyia?"