Siku Kipunji Walipovuka Isebelo

Watu wa Isebelo walimjua Damari kwa viazi. Hata miaka ambayo mashamba ya wengine yalioza kwa mvua, yeye alijaza magunia. Kwa hiyo akina mama wa kijiji walipoamua kurudisha msitu ulioteketea kwa moto, kitalu cha miche walimkabidhi yeye.

Sehemu iliyoungua ilikuwa kama kilomita moja hivi, nayo iliutenga msitu wa Mlima Rungwe na ule wa ng'ambo. Msitu wa mlimani ndiko wanakoishi kipunji, tumbili wakubwa wa kahawia wenye nywele zilizosimama utosini. Hawa husafiri juu kwa juu, tawi hadi tawi, na kushuka chini hawapendi kabisa. Tangu moto ule, walikuwa kama watu waliofungiwa chumbani.

Damari alianza na zambarau pori. Alikusanya mbegu debe zima, akazianika mkekani siku tatu kama anavyoanika mahindi ya kupanda, kisha akazifukia kwenye tuta. Halikuchipua hata jani moja. Akarudia msimu uliofuata. Kimya.

"Mama Peter, mbegu zako zimelala au zimekufa?" mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ambokile, alimuuliza Damari mbele ya mkutano. Watu wakacheka. "Basi mpaka mwezi wa nne. Kama hakuna mche, eneo tunaligawa watu walime."

Damari alitembea hadi nyumbani uso ukiwaka kwa aibu.

Februari akaingia msituni kutafuta mbegu nyingine. Mvua ilimkuta njiani, akajibanza chini ya mzambarau ambao shina lake lilikuwa limefunikwa na ukoga wa kijani. Juu yake kundi la kipunji lilikuwa likila, na kokwa zikamdondokea mabegani. Alipotazama chini alishtuka. Miche midogo ilikuwa imejaa kila mahali, imejichomoza kwenye majani yaliyooza. Alichuchumaa, akang'oa mmoja taratibu. Mbegu ilikuwa bado imeshikamana na mzizi, imevimba, imejaa maji. Akasukuma vidole kwenye udongo. Ulikuwa umelowa, na baridi, na ilielekea haujawahi kukauka.

"Yesu wangu," alisema kwa sauti. "Ni mimi niliyeziua!"

Siku ileile alirudi na ndoo ya kokwa alizozifunika kwa majani mabichi, na gunia la udongo wa chini ya mti. Alizipanda kabla jua halijazigusa, akajenga kichanja na kukiezeka kwa majani ya migomba ili ndani pawe na kivuli na unyevu kama kule msituni. Baada ya wiki tano majirani walimsikia akipiga vigelegele asubuhi. Walidhani kuna mtoto amezaliwa.

Mzee Ambokile alikuja kujionea. Alizunguka matuta mara mbili.

"Iko mingapi?"

"Elfu nne na kitu, mwenyekiti."

Mzee alivua kofia. "Ndaga fijo, mama, asante sana. Nipe mia. Mpaka wa shamba langu nitaupanda mwenyewe."

Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Walipalilia, wakalima barabara ya kuzuia moto, wakapanda upya palipokufa. Miaka tisa baadaye matawi yalianza kugusana.

Mwaka jana mwezi wa nne, simu ya Damari iliita akiwa shambani. Alikuwa Mzee Ambokile, anahema. "Mama Peter, kimbia! Wanapita!"

Alikimbia na jembe mkononi. Alipofika, kipunji wa kwanza alikuwa ameshavuka, analia kwa sauti kama honi iliyokwama. Nyuma yake akaja jike na mtoto kifuani. Tawi lilikuwa jembamba. Jike alisita, akaruka. Tawi likainama, likainama zaidi, kisha likampokea.

Damari alihesabu ishirini na watatu. Alipopiga vigelegele mzee alimnyamazisha kwa mkono, halafu yeye mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka mpaka machozi. Akina mama wakaja mmoja mmoja kutoka mashambani, wakashuka kijijini wakiimba, wamelowa chapachapa kwa mvua.

Sasa kijiji kinataka kitalu kipanuliwe. Damari amekubali, kwa sharti moja: mwenyekiti naye abebe miche kichwani kama wengine.