Muuza Miavuli wa Wesha

Kilichotufikia kwanza ni kicheko. Kilikuwa cha watu wengi, cha ukumbi mzima, kikipanda na kushuka nyuma ya mihogo, na nyumba yenyewe bado hatujaiona. Ami yangu, kaka yake baba, aliyeingia na ndege ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, alisimama katikati ya njia akauliza ni wageni gani hao wanaocheka hivyo kwa mama yake, naye ametoka eda wiki iliyopita tu.

Nilimwambia hakuna wageni. Ni televisheni.

Alitangulia mbele yangu, begi lake mkononi. Alikuwa amekuja Mgogoni, huku Pemba, kumchukua Bibi akaishi naye Dar. Chumba kilikwisha kupakwa rangi na tiketi za kesho yake zilikuwa ndani ya simu. Ukoo mzima ulikubali, isipokuwa Bibi, ambaye hakusema ndiyo wala la. Kila alipoulizwa alijibu aachwe amalize eda kwanza. Sasa eda ilikuwa imekwisha.

Tulimkuta juu ya busati, kajifunga kanga mpya aliyopewa siku ya kutoka. Alipokea shikamoo ya mwanawe, akawauliza wajukuu mmoja mmoja, akamwambia akae, kisha akarejesha macho kwenye kioo. Kipindi kilikuwa hakijesha.

Mchezo ule wa Waingereza ni mkongwe kuliko mimi. Mume na mke wana duka la miavuli katika mji usiokauka mvua. Mume kila siku huona yu karibu kuwa mtu mkubwa, mke hujua hatakuwa, na kila kipindi huishia wamefunga duka, wanakunywa chai bila kutazamana. Hakuna anayehama wala anayekufa. Mvua ya jana ndiyo ya leo. Marehemu Babu aliletewa kanda zake na jamaa aliyekuwa baharia, na kanda zilipoanza kukatika tukavihamishia vipindi kwenye flashi.

Babu hakujua Kiingereza. Alijua salamu, basi. Lakini ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Baada ya sala ya alasiri alivuta kiti chake cha kamba, akawahamisha Wazungu wale wote mpaka Wesha, huku huku kwetu. Duka akaliweka jirani na bandari, na mke wa mwenye duka akamfanya mtu wa Kisiwa Panza, kwa kuwa huko ndiko alikoolea yeye, na Bibi alikuwa papo akisikia. Kazi hiyo aliifanya kwa kipimo. Alisikiliza sauti za wenyewe zinavyokwenda, akapachika maneno yake, na akayamaliza pumzi moja tu kabla watu wale wasioonekana hawajacheka. Kwa hiyo siku zote ilikuwa kama wanamcheka yeye. Ukumbi mzima wa Waingereza ulimchekea mkulima wa karafuu aliyekaa Mgogoni na kanzu yake ya kushindia.

Nimewahi kujiuliza kwa nini vipindi vile havikutuchosha, na vipya vilivyokuja baadaye, vya rangi kali na mbio nyingi, tukavisahau. Nadhani vile vya zamani havina haraka. Mtu husema, husubiri, hugeuka, husubiri tena. Vina nafasi ya mtu mwengine kuingia na yake.

Muda wote wa eda televisheni ilikaa imefunikwa kanga. Hakuna aliyeamuru, tuliona ndivyo inavyofaa. Siku Bibi alipoifunua mwenyewe, niliogopa. Picha zilipita na sauti ya Babu haikuwapo. Kisha nikamsikia Bibi, polepole, akiyasema yeye maneno ya marehemu. Mwanzoni alichelewa, watu wakacheka yeye yu katikati ya sentensi. Siku aliyokuja Ami ndio kwanza alikuwa amekipata kipimo.

Kwenye kioo, mwenye duka alimpokonya mteja mwavuli, akamwinamia kwa adabu nyingi.

"Bi Mkubwa," akasema Bibi, "mwavuli huu una heshima zake. Hautoki na mvua."

Ukumbi ukaangua kicheko.

Ami, aliyesomea huko huko Uingereza, alitabasamu. "Mama, hasemi hivyo. Anamwuliza kama angependa rangi nyingine."

Bibi hakugeuka. Ami akasogea karibu naye, akaeleza kwamba Dar jioni zake ni nyepesi, atakaa naye, watavianza vipindi vyote upya, atamfasiria neno kwa neno, ili naye ajue watu wale walikuwa wakisema nini miaka yote hiyo. Alisema kwa mapenzi. Ilikuwa zawadi, na aliifikiria njia nzima.

Bibi alichukua rimoti, akazima.

"Mwanangu, miye nnajua hasemi hivyo."

"Unajua?"

"Toka mwanzo. Babako leo akisema hivi, kesho kipindi kile kile akasema vyengine. Mzungu ndiye yule, mdomo ndio ule. Kwani miye sioni?"

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie nini, anyamaze? Angelinyamaza ningelibaki na Wazungu." Akaicheka kauli yake mwenyewe, kisha akaacha. "Humu ndani nnamsikia bado. Huko kwako utanifasiria vizuri, nami nitaanza kukusikia weye."

Ami alijaribu mengine. Alitaja presha yake, bati la jikoni linalovuja, nani atalala naye mimi nikirudi kwenye kazi zangu. Bibi alikuwa na jibu la kila moja, na binti wa jirani alikwisha kubali kulala. Mwisho akamwambia amwulize tena baada ya mavuno ya karafuu. Kwetu mtu mzima hamkatai mwanawe usoni, humpa msimu wa mbele, na Ami, pamoja na miaka yake yote ya Dar, bado alikuwa mtoto wa Pemba. Alitoa simu, akaifuta tiketi moja.

Asubuhi Bibi aliamka mapema kumpikia mkate wa kumimina. Aliufunga ungali moto, akamsomea dua ya safari, akamshika kichwa kama ashikavyo vya wajukuu. Ami alibusu mkono wake, akauliza kwa sauti ya chini kama ana hakika. Bibi akamwambia aharakishe, ndege haimngoji mtu. Alimsindikiza mpaka kizingitini, akasimama hapo mpaka Ami alipoteremka barazani na begi lake, kisha akaufunga mlango.