Ukoko wa Birika la Zelenograd

Mwanangu, kuna wakati niliamini, kwa moyo wote na mapafu yote mawili, kwamba Warusi walitia dawa ya kuongeza akili kwenye mabomba ya maji. Si Warusi wote, la. Wa Zelenograd tu, mji waliojengewa wanasayansi katikati ya msitu. Aliyeniambia ni Kamau, mlinzi wa majengo ya kompyuta kule Sterling, hapa hapa Marekani, mtu anayeweza kudanganya huku anatafuna sambusa na jicho lisipepese.

Nilikuwa kijana, nikimhudumia Mama Galina, bibi mzee wa Kirusi, nyumbani kwake pale Adelphi. Yeye alifanya kazi Zelenograd katika ujana wake, akiunda vifaa vya elektroniki. Alisema nyumba za huko zilikuwa na namba tu, bila majina ya mitaa, na kwamba sasa Moscow imeumeza mji wote, umekuwa mtaa wa pembeni, watu wanawahi treni asubuhi kama sisi hapa. Alikuja Marekani na birika lake la huko. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe ulioachwa na maji ya huko, mnene kama ukuta wa kanisa.

Nami nilikuwa na mtihani wa hesabu wa shule ya jioni. Nilishaufeli mara moja. Bila huo hakuna cheti, na bila cheti uuguzi ningeuota tu. Basi nikafunga vitabu, nikakwangua ule ukoko, nikaukoroga kwenye chai yangu wiki nzima. Niliingia mtihanini nikijiona profesa. Swali la kwanza likanitazama kama mgeni asiyealikwa.

Nilipofeli, Mama Galina alikuwa ameshalichungulia birika.

"Byamungu, nani amelisugua hivi?"

Nikaungama yote. Alicheka hadi nikaanza kutafuta dawa zake za presha. Kisha akafuta machozi, akasema, "Lete daftari."

Tangu hapo, kila mchana baada ya supu, tulikaa mezani. Nikikosea, ananigonga kidole kwa kijiko. Mara ya tatu nikafaulu, na leo mimi ni muuguzi mwenye mvi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu, na mimi niliinama hadi mgongo ukalia. Usione haya kuanza umechelewa, wala kumwuliza anayejua. Ningeuliza mapema, ningeokoa mwaka mzima, na tumbo pia. Mungu akujalie mwalimu mwenye subira na kijiko chepesi. Na siku Kamau wako atakapokuletea dawa yake, kumbuka alichoniambia yule mama nilipofungua daftari:

"Maji yetu yalikuwa maji tu, Byamungu. Sisi tulisoma."