Nilivyopewa mtihani wa "position ya tatu" ili nibaki na violon ya marehemu mume wangu

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mkazi wa Lubumbashi. Haya yalinipata mwenyewe, na tarehe zote ninazo kwenye daftari. Sitaongeza chumvi.

Ilikuwa mwaka 2022, mvua za kwanza zimeanza, nami nilikuwa na miaka 58. Mume wangu Évariste alikuwa amefariki tarehe 19 Juni mwaka huohuo. Kwa miaka ishirini na sita alipiga fidla, ambayo sisi hapa tunaiita violon, katika orkestra ya parokia yetu, na kulikuwa na wimbo mmoja wa misa aliokuwa akiupiga peke yake.

Jumamosi tarehe 5 Novemba, shemeji yangu Sylvestre, mdogo wa marehemu, alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Hewa Bora. Alikunywa chai yote kwanza. Kisha akasema:

"Shemeji, violon haiko kitanda. Iko kitu ya mukono. Mukono yenye ilikuwa naipiga imelala. Irudie kwa familia."

Nikamjibu: "Miye niko na mikono mbili."

Akacheka sana. "Basi, siku ya kutosha kilio utapiga ule wimbo wa Évariste mbele ya bantu, mpaka kule juu. Ukishindwa, nabeba."

Kutosha kilio ni siku ya kumaliza maombolezo. Kwetu ndiyo siku ambayo baraza la familia huamua vitu vya marehemu vinakwenda kwa nani. Yetu ilikuwa imepangwa Novemba ya mwaka uliofuata.

Wakuu, sikuwahi kuishika ile violon isipokuwa kuifuta vumbi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka kinywani.

Hapa niseme jambo moja kunihusu. Nilianza kujifunza kusoma nikiwa na miaka 31, pamoja na akina mama wenzangu. Diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, niliipata nikiwa na miaka 45. Sikuruka darasa hata moja, na jambo hilo ninajivunia kuliko kitu kingine chochote. Mtaona kwa nini nimelitaja.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Firmin, aliyekaa kiti cha jirani na marehemu katika orkestra miaka yote. Tulianza tarehe 12 Novemba. Siku hiyohiyo alipiga kelele:

"Eh, Mama Odette! Hii iko violon, haiko mwiko ya bukari!"

Kweli, nilikuwa nimeikaba shingo ya chombo kama mtu anayesonga bukari, yaani ugali, ya watu kumi.

Position ya kwanza ilinichukua miezi saba. Mkono wa kushoto unakaa mwishoni kabisa mwa shingo, na kila kidole kina mahali pake. Nilipazoea, nikaona nimefaulu darasa.

Tarehe 17 Juni 2023 Papa Firmin akasema: "Leo tunaenda position ya tatu. Ule wimbo unapanda juu, bila ya tatu hautafika."

"Na ya pili?"

"Ya pili utaisoma kisha."

"Papa Firmin, miye sijaruka darasa hata siku moja."

"Haiko darasa, Mama."

"Iko nini sasa?"

Akafikiri. "Iko... mahali."

Sikuelewa. Akajaribu tena: mkono unasogea kuelekea kidevuni, kidole cha kwanza kinakaa pale kilipokuwa kidole cha tatu, na sauti inayotoka ni ileile. Noti ya la inabaki la. Nikamuuliza, ikiwa sauti ni ileile, kwa nini nihame? Akasema ni ili vidole vingine vitatu vipate nafasi ya kupanda zaidi. Nikaitikia kwa kichwa. Ndani yangu palikuwa na giza tupu.

Basi nikafanya kosa. Nilidhani ananirusha darasa kwa kunihurumia, kama mjane. Nikachukua kitabu cha mazoezi cha marehemu, nikaanza kujifundisha position ya pili kwa siri, kila siku baada ya chakula cha mchana. Wiki sita nzima.

Matokeo yake, wakuu: ya pili sikuipata, ya tatu sikuianza, na ya kwanza nikaipoteza. Nilikuwa naweka kidole mahali nilipopajua tangu Novemba, inatoka sauti nisiyoijua. Nilikaa kwenye kiti nikautazama mkono wangu kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Tarehe 29 Julai nilikiri. Papa Firmin hakunigombeza. Aliomba tu nijaribu kupanda, akatazama.

"Mama, ukihama nyumba, unatuma mutoto moja kwa parcelle, kwa kiwanja mupya, weye mwenyewe unabakia kule kwa zamani?"

"Hapana."

"Lakini njo vile unafanya. Kidole inahama, gumba inabakia nyuma, inashika mwiko. Hamisha nyumba yote."

Nililegeza kidole gumba. Mkono mzima ukateleza, na noti ya la ikaja ilipotakiwa. Sababu yake bado sikuielewa, ila mkono ulielewa kabla yangu. Kupanda nikakujua. Kushuka ndiko kulikonisumbua hadi mwisho.

Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023, saa nne asubuhi, baraza likaketi uani kwangu chini ya hema. Shemeji Sylvestre alikaa mbele kabisa. Wifi yangu Apoline, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa pembeni yake.

Nikapiga. Nikapanda, noti ya juu ikatoka safi, watu wakaguna. Wakati wa kurudi chini, mkono ukapotea. Ikatoka noti isiyokuwamo. Nikaacha kupiga, nikaitafuta ya kweli kimyakimya, nikaipata, nikamaliza.

Shemeji akakunja mikono. "Amepotea."

Wifi Apoline akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. "Sylvestre, weye haukukuwa naenda misa. Évariste alikuwa napotea palepale. Miaka yote! Ata padri alikuwa namungoja."

Nikamtazama Papa Firmin. Akainamisha kichwa. "Ni kweli, Mama. Shiye bote tulikuwa namungoja."

Wakuu, miaka ishirini na sita nilikaa kwenye benchi la kanisa nikidhani ule ukimya wake wa palepale umeandikwa ndani ya wimbo.

Shemeji akaomba kalamu. Karatasi ya baraza inasema: violon moja, upinde wake na sanduku lake vinabaki kwa mjane. Yeye ndiye aliyetia sahihi wa kwanza, saa sita na dakika arobaini.

Nilichojifunza: ukihama, usiache gumba nyuma. Na mtu mzima anayejifunza asione haya kusema "sijaelewa" mapema. Mimi aibu ilinigharimu wiki sita.

Mliojifunza ala mkiwa watu wazima, naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, kwa nini ya tatu inafundishwa kabla ya ya pili? Pili, siku ile nilipotea mwenyewe, au sikio langu lilikuwa limeshajifunza na kosa la Évariste?