Chumba cha Alhamisi

Kila Alhamisi alasiri Mwanaesha aliwasomea wenzake katika chumba cha nyuma cha maktaba ya zamani, si mbali na Ngome ya Yesu. Chumba kile kilikuwa cha wanawake tangu enzi za mama zao. Walivua mabuibui, wakaketi mkekani wakidarizi kofia, naye akiwasomea magazeti na hadithi. Wengi walikuwa wamehitimu msahafu, lakini herufi za kizungu ziliwapiga chenga.

Mwaka wa tisini na nne akaletwa mkuu mpya wa maktaba. Akabisha hodi huku ameshaingia.

"Mama, hapa ni maktaba, si sokoni. Anayesoma na asome kimya."

"Nikisoma kimya, baba, hawa watasikia nini?"

"Basi wajifunze kusoma kwanza, ndipo waje."

Damu ikamchemka Mwanaesha. Watu waliohitimu msahafu, leo waambiwe hawajui kusoma! Akakunja mkeka, wakatoka wote bila kuaga. Chumba kikatiwa kufuli.

Tangu siku hiyo wakawa wanakutana nyumbani kwake. Alhamisi moja akafungua gazeti, akakutana na picha ya mkuu yule, meno yote nje. Akawasomea maneno yake: "Tuliwatengea chumba, lakini wanawake wa Mombasa hawapendi vitabu."

Sindano zote zikasimama.

"Soma tena, mwanangu," akasema Bi Nabiha, mkubwa wao. "Na usome kwa kelele, asikie huko aliko."