Wino Mwekundu kwa Ukuta wa Mzee Nzioka

Haya, nitawaambia, lakini mniache nimalize kwanza ndio mcheke, kwa sababu hata leo nikiikumbuka hiyo Jumamosi masikio yanashika moto. Mimi ni mtu mzima, niko na duka la kutoa kopi na kuchapisha kadi pale Machakos mjini, wateja wananiita bosi, na nimewahi kusimama katikati ya sebule ya watu nikiwa mwekundu kutoka kidole hadi sikio, kijiji kikinitazama.

Siku hiyo nilikuwa naenda Masii kwa kina Mwende, kujulikana. Si mambo ya mbuzi na wazee, hayo yangekuja baadaye kama hii ingeenda vizuri. Ni baba yake tu, Mzee Nzioka, alikuwa amesema anataka kumwona huyu kijana anayempigia binti yake simu kila jioni. Mwende alikuwa amenionya kwamba babake ni mtu wa maneno machache, na kwamba kuna mwingine aliwahi kwenda huko kabla yangu, akaongea sana, na hakuitwa tena. Kwa hivyo nilikuwa na uoga wangu tayari. Nilivaa suti ya kijivu (niko na moja, ndiyo ya harusi na ndiyo ya matanga), nikapiga viatu rangi, nikatoka mapema.

Shida ilianza na kitu kidogo sana. Nikielekea kwa steji nikapitia kwa jamaa anayeniuzia wino wa printa, kwa sababu wangu mwekundu ulikuwa umeisha na nilikuwa na kadi za harusi za mtu za kuchapisha Jumatatu, nikachukua chupa moja. Sasa duka langu liko juu kule, ni kupanda, jua linawaka, na Mwende yuko kwa simu anauliza, "Umefika wapi?" Nikajiambia, kachupa kama haka kataninyima nini, nikakatia kwa mfuko wa koti, nikaenda. (Ningekaacha hata kwa huyo jamaa. Hakuna mtu angekataa. Sikufikiria tu.)

Nilipokelewa vizuri mpaka nikashangaa. Mama Mwende alinisalimia kwa mikono miwili. Jikoni kulikuwa na majirani kadhaa wamekuja kusaidia kupika, na kila mmoja alipata sababu ya kupita mlangoni anichungulie. Sebule ilikuwa inanukia rangi mpya. Mzee Nzioka mwenyewe alikuwa ameipaka hiyo wiki, rangi ya maziwa, kwa sababu mgeni anakuja, na mgeni ndiye mimi. Viti navyo vilikuwa vimevishwa kitambaa kipya, rangi hiyo hiyo ya maziwa. Nikakaa kwenye kona ya kile kirefu, koti limebanwa katikati yangu na mkono wa kiti, nikaletewa chai. Ng'ambo yangu alikuwa amekaa nyanya yake Mwende, ambaye wote wanamwita Susu, amejifunga shuka, anasinzia.

Mzee aliniuliza habari ya safari, nikasema nzuri. Akaniuliza kama mvua imefika upande wetu, nikasema bado. Halafu mtu akamwita nje kwa mambo ya ng'ombe, akasema, "Kunywa chai, narudi," na ndipo nikasikia baridi kwa paja.

Nikaingiza mkono kwa mfuko. Kifuniko kilikuwa kimefunguka. Nilipoutoa, mkono ulikuwa mwekundu mpaka kwa saa, na kwa mkono wa kile kiti kipya kulikuwa na doa, si kubwa, kama la shilingi ishirini hivi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeita, "Mama, nimewamwagia wino, nisaidieni." Mimi nikamwangalia Susu, nikaona macho yamefungwa, nikaangalia mlango, nikaona hakuna mtu, nikasema hii nitaimaliza kabla Mzee hajarudi. Nilikuwa na leso na ile sanitaiza ya chupa ndogo. Nikamimina sanitaiza juu ya doa, nikasugua, na nikwambie ukweli, sanitaiza na wino ni marafiki. Lile doa lilifunguka kama ua. Likawa la sahani. Nikasugua zaidi, likashuka upande wa chini. Jasho likaanza kunitoka, nikajipangusa uso (na mkono gani? ule ule), nikasimama ili niangalie kutoka juu, guu likateleza kidogo kwa zulia, na nikajishikilia kwa ukuta.

Nilipotoa mkono, kiganja kilibaki pale. Vidole vyote, vimejipanga vizuri, kwa rangi mpya ya Mzee. Nikachukua leso nifute. Leso ilikuwa na wino kuliko mkono. Ikaacha mstari mrefu kutoka kwa kiganja mpaka karibu na swichi ya taa.

Na wakati huo Susu akaamka.

Macho yake hayaoni mbali, lakini nyekundu anaiona. Aliniona nimeegemea ukuta, uso mwekundu, mkono mwekundu, ukuta unatiririka, akasema kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu anayetoa habari mbaya, "Nthakame." Ndiyo damu kwa Kikamba. Halafu akarudia kwa sauti ya juu, na wote wa jikoni wakaingia.

Sijui niwaelezeje hiyo dakika. Mama mmoja jirani alinikalisha chini kwa nguvu. Mwingine alifungua leso yake ya kiunoni akaanza kunifunga kichwa bila kuuliza kama ni kichwa kinauma. Mama Mwende alikuwa anapiga simu ya gari la kwenda hospitali, huku analia. Mwende alipiga magoti mbele yangu ananishika mashavu, ananiambia, "Niangalie, niangalie tu mimi." Nami nasema, "Ni wino," lakini sauti haikutoka vizuri, kwa hivyo mama wa leso akawaambia wenzake, "Ameanza kuongea ovyo."

"Ni wino," nikasema tena, kwa nguvu. "Siumwi. Ni wino wa printa."

Mama wa leso akaachilia kichwa changu, na nyuma yake nikamwona Mzee Nzioka amesimama mlangoni. Aliangalia kiti. Akaangalia ukuta, kiganja, mstari, swichi. Akaniangalia mimi, na kile kilemba cha leso ya maua kichwani.

"Printa iko wapi?" akauliza.

"Iko Machakos, baba."

"Na wino uko hapa."

"Uko hapa, baba. Niliubeba kwa mfuko. Ukamwagika, nikajaribu kufuta kabla hujarudi, nikaharibu zaidi. Nisameheni."

Nilingoja anionyeshe njia ya kwenda barabarani. Mwende aliinamisha kichwa, mabega yanatetemeka, nikajua analia na ni mimi nimemletea hayo. (Alikuwa anacheka. Aliniambia baadaye kwamba alijiuma ulimi.) Mzee alivua koti, akalitundika kwa mlango, akasema, "Vua hilo lako pia. Tuufanyie kazi kabla haujakauka."

Basi tukafanya. Mama Mwende alishughulikia kiti. Alileta spiriti na vitambaa vyeupe vya zamani, akanionyesha kwamba doa la wino halisuguliwi, linagandamizwa: unalowesha kitambaa, unabonyeza, kinanyonya, unageuza upande safi, unabonyeza tena, ukianzia pembeni kuja katikati ili lisitembee. Majirani wakawa wanampa vitambaa na kuniangalia kwa huruma. Mimi na Mzee tukabaki na ukuta, mimi nimevaa shati lake ambalo lilinifika karibu na magoti. Spiriti iliutoa wino, lakini rangi ilikuwa bado changa, nayo ikatoka pamoja nao, tukabaki na baka la saruji. Nilifikiri hapo sasa atakasirika. Akaenda stoo akarudi na mkebe uliobaki na brashi mbili.

"Unajua kupaka?"

"Najua kidogo."

"Nitaona."

Tukapaka tukiwa tumesimama bega kwa bega. Na unajua mtu akiwa ameangalia ukuta anaongea rahisi. Aliniuliza kuhusu duka, nikamwambia jinsi nilivyoanza na printa moja ya mtumba, na miezi ile hakukuwa na wateja. Nikamwambia nampenda Mwende (sikuwa nimepanga kusema hivyo, ilitoka tu), na brashi yake ikasimama kidogo, halafu ikaendelea.

"Nilikuwa na maswali mengi ya kukuuliza," akasema. "Nilidhani utakuwa mtu wa kujipamba."

"Leo nimejipamba, baba."

Hapo ndipo Mzee Nzioka alicheka. Mama Mwende alisimamisha kitambaa, akamwangalia kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Tulikula tukiwa tumechelewa. Susu alikataa kabisa kuamini mambo ya wino, akaagiza nipewe maini yote ya kuku nirudishe damu, na hakuna aliyethubutu kumpinga, kwa hivyo nilikula maini yote mbele ya watu wakubwa. Jua likianza kulala, Mzee alinisindikiza mwenyewe mpaka barabarani. Gari liliposimama akanishika mkono, ule ule wenye wino, akaniambia, "Mkikuja na wazee wako, mje mapema."

Wazee walikwenda, na mapema. Kiti kile kiko na kivuli cha pinki mpaka leo, Mama Mwende anakifunika na kitambaa alichofuma na kumweleza kila mgeni ni kwa nini. Mimi nami niliapa. Wino ukinunuliwa unapelekwa dukani, hata kama ni kupanda mlima jua likiwaka na mtu ananipigia simu. Na nikimharibia mtu kitu nyumbani kwake, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa, doa likiwa bado la shilingi ishirini.