Kutoka Njombe Hadi Durban Kutafuta Sababu ya Kuzima Boila

Nilikwenda Durban kwa ajili ya maji ya kuoga. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nilipelekwa kwa ajili ya akili zangu.

Chuo chetu cha ualimu kiko Njombe, ambako mwezi wa Julai kabichi huamka zikiwa na barafu kwenye majani na watu husalimiana mikono ikiwa kwapani. Mimi ni fundi mkuu wa chuo, mwaka wa kumi na moja huu. Bweni la wasichana lina boila moja kubwa ya umeme, na Makamu Mkuu wa Chuo, yule wa utawala, alikuwa amekwishaichukia kama mtu anavyomchukia shemeji asiyeondoka. Kila bili ya umeme ikija ananiita, ananinyanyulia karatasi usoni. Wasichana nao walikuwa wakichemsha maji vyumbani kwa hita za kuzamisha kwenye ndoo, umeme unakatika bweni zima, nami napanda ngazi. Nikafanya msako. Hita zikajaa katoni mbili ofisini kwangu, nikajiona shujaa.

Ndipo ukaja mwaliko wa mafunzo ya wiki moja ya kubana matumizi ya umeme vyuoni, wenyeji wakiwa chuo kimoja cha Durban, nauli juu yao. Makamu alinikabidhi barua huku akitabasamu, jambo ambalo sikulipenda. Akaniambia nikawaangalie vizuri wenzetu. Kama nchi kubwa vile inafunga maji ya moto ya wanafunzi, sisi ni nani tuendelee kuyachemsha? Kamati ya chuo ingekaa Ijumaa ya kurudi kwangu kuamua. Yeye alitaka ripoti ya kuzimia boila, na alitaka iwe na picha.

Siku moja kabla ya safari, msichana wa mwaka wa kwanza anayeitwa Rehema alinisimamisha nje ya karakana. Kwao ni Tanga. Alikuwa amevaa sweta mbili na kitenge juu yake, na hita yake ilikuwa kwenye katoni yangu.

"Shikamoo, fundi. Nasikia unakwenda kuleta ruhusa ya kuzima boila."

Nikamwambia nakwenda kujifunza.

"Basi ukijifunza hilo, mimi naondoka. Si kwa hasira. Mwili wangu hauwezi tu." Alisema bila kupandisha sauti, kisha akanitakia safari njema, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Saa kumi na moja alfajiri, Njombe. Nikapanda basi la Dar es Salaam nikiwa na koti zito, kofia ya sufu, na soksi mbilimbili. Kesho yake nikapanda ndege hadi Johannesburg, nikabadilisha nyingine, na saa tisa alasiri nikashuka Durban. Jua lilikuwa linawaka. Jasho likanitiririka mgongoni nikiwa bado nangoja begi langu. Nikasimama pale na koti langu, nikaielewa safari yangu yote: mtu wa Njombe ametumwa kwenda kujifunza habari za joto mahali ambapo Julai mtu anaweza kuanika nguo na kuzianua kabla ya chakula cha mchana.

Mwenyeji wangu, Bwana Pillay, ofisa wa nishati wa chuo kile, alinipokea akiwa amevaa koti lililotuna kama godoro. Akaniomba radhi kwa baridi. Nilimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania, masikini.

Jumatatu, Berea. Huko ndiko nilikolala, kwenye nyumba ya zamani juu ya mlima unaoutazama mji, yenye sakafu ya mbao na wapangaji wa kila namna. Chuo kilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi ambao kiyoyozi chake kilikuwa kinapuliza baridi kali, katikati ya majira yao ya baridi, na madirisha yako wazi. Wakati wa mapumziko ya chai nikarudi kule nilikolala kuchukua koti langu. Katibu aliyekuwa akituandikisha alikuwa na hita ya umeme chini ya meza, inampasha miguu joto. Juu ya kichwa chake baridi ya umeme, chini joto la umeme, na mbele yetu mtaalamu akieleza hatari ya matumizi mabaya ya umeme. Niliuliza kwa nini kiyoyozi kisizimwe. Wakaniambia kinaendeshwa kutoka jengo lingine, na mwenye jengo yuko likizo.

Kwenye lifti kulikuwa na bango linalosema tumia ngazi. Ulilisoma ukiwa umeshapanda.

Jumanne, maktaba. Hapa Bwana Pillay alikuwa na fahari yake, taa zinazojizima zenyewe zisipoona mtu anatembea. Jambo zuri, ila mtu akisoma kwa bidii hatembei. Kila baada ya dakika chache ukumbi ukawa unaingia giza juu ya vichwa vya watu hamsini, na bila mtu yeyote kushtuka, kijana mmoja anasimama, anapunga mikono juu, taa zinawaka, anakaa. Nikagundua wana zamu. Kila meza ilikuwa na mpungaji wake, na zamu ikiisha anamgusa jirani bega. Bwana Pillay alinieleza kwamba watu wote wameipokea teknolojia hiyo. Nami nikakubali kuwa ndiyo, tena kwa mikono miwili.

Msidhani nawacheka kwa sababu wao ni wabaya. Watu hao waliishi miaka mingi wakikatiwa umeme kwa ratiba, na hofu ile haijawatoka. Wanataka kweli kubana. Kwenye lango kuu kuna skrini kubwa kama ukuta wa nyumba, inawaka mchana kutwa, inaonyesha bweni lipi limetumia umeme kidogo zaidi wiki hiyo.

Jumatano, bwenini. Bweni moja dogo la wasichana, nyuma kabisa ya chuo, lilikuwa limeshika nafasi ya kwanza kwenye skrini kwa muda mrefu, na Bwana Pillay alinipeleka nikaone sababu. Sababu, alisema, ni blanketi. Matangi ya maji ya moto yalikuwa yamevishwa blanketi maalumu la rangi ya fedha ili joto lisitoroke. Nikapiga picha. Lakini nikamwuliza, mabweni mengine hayana blanketi? Akasema yanayo. Yote. Halafu simu yake ikalia akaenda kuipokea nje, na swali langu likabaki pale kwenye korido.

Alilipokea mwanamke aliyekuwa akipiga deki. Nitamwita Mama Furaha, maana jina lake si hilo na kazi yake bado anaihitaji. Ni mtu wa Bukavu, ana miaka tisa Durban, na aliposikia ninavyomwuliza Bwana Pillay kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, alijua mara moja kuwa mimi ni wa Kiswahili. Akafungua kabati la mafagio. Ndani, juu ya ndoo na dawa za choo, kulikuwa na sanduku la swichi za matangi.

"Papa, haiko blanketi," alisema. "Ile tanki ilikuwa inakulaka courant siku muzima, maji inangojea bantu benye habako. Bon. Minaweka mafagio humu, ufunguo niko nayo. Minawasha saa kumi, minazima saa mbili ya mangaribi. Batoto banaogaka ile saa, banatoka masomo, bengine banaenda kazi ya restaurant."

Yaani tangi halili tena umeme mchana kutwa likingoja watu wasiokuwepo. Nikamwuliza amejuaje saa hizo. Nilitegemea aniambie habari ya mita, au hesabu fulani.

"Nilibauliza," akasema.

Nikamwuliza kama niandike hivyo kwenye ripoti. Akaniambia niandike blanketi. Mfanyakazi wa usafi kugusa swichi ni kosa la kufukuzwa, na blanketi halifukuzwi. Bwana Pillay aliporudi, nikalisifia blanketi mpaka akaona haya.

Jumamosi, Warwick Junction. Mama Furaha alikuwa amenielekeza nipite robot mbili, yaani taa za barabarani, kisha niwafuate watu. Nilifuata watu, nikajikuta katikati ya soko ambalo sijawahi kuona mfano wake: dawa za mizizi, vichwa vya ng'ombe vinavyochemka, wapagazi wanaosukuma mizigo mirefu kuliko wao, taxi zinapiga honi kwa sababu zinazozijua zenyewe. Dada yake Mama Furaha ana meza ya kusuka nywele pale. Tulikaa nyuma ya meza hiyo tukala mahindi ya kuchemsha, nami nikiwa na mifuko ya soksi nilizomnunulia mke wangu nikaanza kumsimulia Mama Furaha habari za Njombe. Nikamweleza boila, msako wa hita, kamati ya Ijumaa, na Rehema wa Tanga. Nadhani nilijisifu kidogo kuhusu msako.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na kwenu, batoto banaogaka saa ngapi?"

"Alfajiri," nikasema. "Boila tunawasha saa tatu usiku, tunazima saa moja asubuhi. Ndivyo ilivyo tangu chuo kianze."

"Ulibauliza?"

Nilikuwa na hindi mdomoni, nikashukuru. Miaka kumi na moja, fundi mkuu, mwenye cheti ukutani. Nilijua unene wa kila waya wa bweni lile, na sikujua watu wake wanaoga saa ngapi. Niliona aibu pale sokoni, aibu ya kweli, mpaka hindi likakosa ladha. Yeye akaniongezea chumvi, akaendelea na habari nyingine.

Jumatano iliyofuata, siku ambayo tiketi ya bei nafuu iliruhusu, safari ya kurudi. Ndege mbili, kisha basi. Njia nzima nilikuwa na ripoti mapajani, kurasa kumi na nne na picha za blanketi, na hakukuwa na ukurasa hata mmoja ambao ungemzuia Makamu kuzima boila. Wala hakukuwa na ukurasa wa kumruhusu.

Ijumaa, Njombe. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa na matroni mlangoni pa bweni la wasichana. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Boila ilikuwa inanguruma, maji yamefika moto wa kunyonyolea kuku, na matroni alipoingia bafuni kunitazamia, alikuta msichana mmoja anafua soksi. Bafu zote nyingine zilikuwa kavu.

Saa moja asubuhi nilimkuta Rehema anaelekea kunywa uji. Nikamwuliza wanaoga saa ngapi.

"Saa kumi jioni, tukitoka darasani, jua likiwa bado lipo. Fundi, alfajiri hapa nani anavua nguo?"

Kwa hiyo jioni maji ya boila yamebaki vuguvugu tu, wanayaongezea moto kwa hita, umeme unakatika, mimi napanda ngazi, nakamata hita. Nilimwuliza kwa nini hawakusema siku zote hizo.

"Tumesema. Tunaandika kila muhula." Akanyoosha kidole kuelekea ofisini kwangu, kwenye sanduku la maoni lililoning'inia karibu na mlango.

Sanduku lile nilikuwa nimelitundika mwenyewe kwa misumari minne. Kwa miaka yote nilidhani ufunguo anao matroni. Matroni, nilipomwendea, akaniambia siku zote amedhani ninao mimi. Nilitoa shada langu la funguo, nikazijaribu mojamoja, na ule mdogo wa shaba ambao sikuwahi kujua ni wa nini ukazunguka. Karatasi zilikuwa zimejaa hadi juu, za chini zimegeuka rangi ya chai. Walioandika zile za chini sasa ni walimu wenye watoto.

Saa nane mchana, kamati. Makamu alikuwa ameshaandaa ukuta wa kuonyeshea picha. Niliiacha ripoti kwenye mkoba, nikamimina sanduku juu ya meza, mbele ya chai yao. Niliwaeleza alfajiri ya leo, bafu kavu, soksi. Makamu alichukua karatasi moja akaisoma kwa sauti, akachukua ya pili, ya tatu akaisoma kimya. Zote zilisema jambo moja: jioni, tafadhali, jioni. Nikawaambia boila iwashwe saa nane hadi saa kumi na mbili jioni tu. Itafanya kazi saa nne badala ya kumi, na hita hazitakuwa na kazi tena. Kama lawama ipo, nikasema, ni yangu.

Makamu alivua miwani. Nilijua linakuja jambo.

"Bwana Mligo, wewe mwenyewe nyumbani unaoga saa ngapi?"

Ningeweza kusema lolote. Nikasema kweli. "Saa kumi na moja jioni, mzee. Nikitoka kazini. Jua likiwa bado lipo."

 Mhasibu akashindwa kujizuia, na wengine wakamfuata. Boila ilinusurika katika kicheko hicho.

Sasa inawashwa saa nane mchana. Bili ikija Makamu haniiti tena. Katoni mbili za hita nimezirudisha kwa wenyewe, kila moja na jina lake, na Rehema alipoichukua yake aliitazama akaniuliza aifanyie nini. Amebaki. Ameongeza sweta ya tatu, lakini amebaki. Mama Furaha nimemtumia ujumbe kwamba blanketi limefanya kazi Njombe pia, akanijibu kwa neno moja: sharp, yaani safi kabisa kwa lugha ya mitaa ya Durban.

Ufunguo mdogo wa shaba nimeufunga utepe mwekundu, na sanduku nalifungua kila Ijumaa. Wiki iliyopita lilikuwa na karatasi moja tu, kutoka bweni la wavulana. Wanauliza wao wataulizwa lini.